Laennec, Tabibu Aliyesikia Hewa Iliyonaswa Mapafuni

Kila askari aliyepimwa afya kabla ya kuandikishwa anaikumbuka ile saa alipoamriwa avue shati, avute pumzi kwa nguvu kisha aiachie, huku daktari akimgusa kifuani na mgongoni kwa chombo baridi cha kusikilizia. Wengi hudhani kuwa daktari anasikiliza moyo tu. Kwa kweli anasikiliza mapafu pia, na mojawapo ya mambo anayotaka kuyajua ni kama kuna mahali ambapo pumzi haisikiki ingawa hewa imo. Jambo hilo laonekana kuwa kitendawili. Yawezekanaje hewa iwemo kifuani na pumzi isiwemo? Aliyekitegua kitendawili hicho ni tabibu mmoja Mfaransa aliyeishi miaka 45 tu, aliyeanza kazi akiwa kijana katika hospitali zilizojaa majeruhi wa vita, na ambaye leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake.

René Théophile Hyacinthe Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, jimbo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa wakili aliyependa kutunga mashairi kuliko kutunza fedha. Mama yake alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa miaka kama mitano, na inasemekana kuwa aliuawa na kifua kikuu. Baba hakujiweza kulea. Hatimaye René na nduguye Michaud wakapelekwa Nantes kwa ami yao Guillaume, daktari mwenye sifa njema na mwalimu wa elimu ya tiba, ambaye aliwalea kama wanawe wa kuwazaa.

Nantes ya siku zile haikuwa mahali pa utulivu. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, na kufikia 1793 jimbo la Vendée lililo jirani lilikuwa limeasi dhidi ya Jamhuri. Watu wengi mno waliuawa mjini humo, na mashine ya kukatia vichwa ilisimamishwa katika uwanja wa Bouffay, karibu kabisa na nyumba ya ami yake. Hospitali zilifurika majeruhi na wagonjwa wa homa. Katika hali hiyo kijana Laennec, alipofika umri wa miaka 14, alikuwa tayari anawasaidia matabibu kufunga vidonda na kuwauguza askari, na baada ya muda akapewa cheo cha tabibu mpasuaji wa daraja la tatu. Mwanzoni mwa mwaka 1800 alifuatana na jeshi la Jamhuri katika msafara wa kuwatuliza waasi wa Morbihan. Hatusemi kwamba alikuwa shujaa wa vita. Alikuwa mfupi, mwembamba, mpenzi wa kupiga zumari na kuwinda ndege mashambani. Lakini ujuzi wake wa kwanza wa mwili wa binadamu aliupata kwa askari, na jambo hilo yafaa likumbukwe.

Mwaka 1801 alikwenda Paris kusoma. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Corvisart, daktari wa Napoleon mwenyewe. Huyu Corvisart alikuwa amegundua thamani ya kitabu kidogo kilichokuwa kimesahauliwa, kilichoandikwa mwaka 1761 na daktari wa Austria aliyeitwa Auenbrugger. Auenbrugger alikuwa mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Jinsi mwenye pipa anavyoligonga kwa vidole apate kujua mvinyo umefika wapi, ndivyo Auenbrugger alivyofundisha kugonga kifua cha mgonjwa: palipo na maji hutoa mlio mzito na mfupi, na palipo na hewa hutoa mlio mwepesi wa kuvuma kama ngoma. Corvisart alikitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa mwaka 1808, na wanafunzi wake wote walifundishwa kugonga vifua.

Laennec alikuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Mwaka 1803 alijitwalia tuzo za kwanza katika tiba na upasuaji, na mwaka 1804 akapata shahada yake ya udaktari. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupasua maiti ili kutafuta chanzo cha kifo, kisha kulinganisha alichokiona na dalili alizokuwa nazo marehemu alipokuwa hai. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Siku moja alipokuwa akikata kwa msumeno mifupa ya uti wa mgongo iliyoliwa na kifua kikuu, meno ya msumeno yalimkwaruza kidole, na baadaye pakafanyika uvimbe mdogo wa ugonjwa ule ule. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa kifua kikuu huenezwa na vijidudu. Robert Koch alikuja kuvigundua mwaka 1882. Michaud, ndugu yake mpenzi, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1810. Rafiki yake Bayle, bingwa wa ugonjwa huo, naye aliuawa nao mwaka 1816.

Mwaka 1814 majeshi ya mataifa yaliyoungana dhidi ya Napoleon yaliingia Ufaransa, na hospitali za Paris zikajaa askari. Miongoni mwao walikuwamo vijana wengi waliochukuliwa jeshini kutoka Bretagne, ambao hawakujua Kifaransa ila lugha yao ya Kibretoni tu. Walikuwa wakifa kwa homa ya matumbo, kwa homa ya chawa na kwa majeraha, na wengine, twadhani, kwa upweke wa kutoweza kumwambia daktari mahali panapowauma. Laennec aliomba wakusanywe katika wodi zao za peke yao katika hospitali ya Salpêtrière, akachukua jukumu la kuwatibu. Kibretoni alikuwa amekwisha kujifunza. Twaona kuwa sura hii ya maisha yake haitajwi vya kutosha. Wengi humjua kwa chombo alichokibuni. Wachache wanajua kuwa kabla ya kusikiliza vifua vya wagonjwa alijifunza kwanza kusikiliza maneno yao.

Septemba 1816 aliwekwa kuwa daktari wa hospitali ya Necker, hospitali isiyo kubwa, yenye vitanda vipatavyo mia moja. Katika mwaka huo aliletewa mwanamke kijana aliyekuwa na dalili za ugonjwa wa moyo. Kwa sababu ya unene wake, kumgonga kifua hakukufaa kitu. Kumwekea sikio kifuani, kama madaktari wengine walivyofanya, hakukuruhusiwa na heshima. Ndipo Laennec alipokumbuka kuwa mtu akiweka sikio kwenye ncha moja ya gogo, husikia vizuri mkwaruzo wa pini kwenye ncha ya pili. Akachukua daftari la karatasi, akalikunja kuwa bomba, akaweka upande mmoja kifuani kwa mgonjwa na upande wa pili sikioni pake. Akaushangaa mlio wa moyo, kwa maana ulimfikia wazi kuliko alivyopata kuusikia kwa sikio tupu. Wasimulizi wa baadaye wameongeza kuwa siku hiyo aliwaona watoto wakichezea gogo uani. Yaweza kuwa kweli, lakini mwenyewe katika kitabu chake hakutaja watoto hao, nasi twaona kisa chapendeza vya kutosha bila wao.

Alikuwa fundi wa kukereza mbao. Alinunua kerezo, akajitengenezea mwenyewe mabomba ya mti yenye urefu wa kadiri ya sentimeta 30, yenye tundu jembamba katikati. Akakiita chombo hicho stetoskopu. Kwa muda wa miaka mitatu akawa akifanya kazi ile ile kila siku bila kuchoka: asubuhi husikiliza vifua vya walio hai na kuandika alichokisikia, mgonjwa akifa, hupasua maiti na kuangalia ni kitu gani kilichotoa mlio ule. Mwaka 1819 alitoa kitabu chake kikubwa, chenye juzuu mbili, juu ya kusikiliza kifua kwa chombo.

Hapa ndipo tunapofikia malengelenge ya hewa.

Pafu la mtu mzima si mfuko mmoja mtupu kama kibofu cha mpira. Ni kama sponji laini sana, lenye vifuko vya hewa mamia ya milioni, vidogo hata jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja kwa urahisi. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, na ndani yake hupita mishipa midogo ya damu ambayo huchukua oksijeni na kutoa hewa chafu. Kuta hizo zina mnyumbuko kama mpira: mtu akivuta pumzi hutanuka, na akiiachia hurudi zenyewe na kuisukuma hewa nje. Sasa kuta zikiliwa, vifuko viwili huwa kimoja, vinne huwa kimoja, na hatimaye hufanyika chumba kikubwa cha hewa kisichokuwa na mishipa ya kutosha wala nguvu ya kujikunja. Hewa huingia lakini hutoka kwa shida. Lengelenge moja laweza kuwa dogo kama punje, au likakua hata kujaza nusu ya upande mmoja wa kifua na kulikandamiza pafu zima lililo jirani yake.

Matabibu waliomtangulia Laennec walikuwa wamepata kuona mapafu ya namna hiyo katika maiti, lakini waliyapita haraka. Sababu ni rahisi kueleza. Pafu likitolewa kifuani na kukatwa kwa kisu, hewa hutoka, lengelenge husinyaa, na mpasuaji haoni kitu. Laennec aliepuka kosa hilo kwa njia nyepesi: alilijaza pafu hewa, akalifunga, akaliacha likauke hivyo hivyo, ndipo akalikata vipande vyembamba. Vifuko vilivyopanuka vikabaki wazi mbele ya macho yake. Aliviona vya kadiri ya punje ya ulezi, vingine kama kokwa ya tunda dogo, na vingine kama haragwe. Akaona pia malengelenge yaliyojitokeza juu ya uso wa pafu, chini ya utando unaolifunika. Ugonjwa huo akauita emfisema ya mapafu, na jina hilo latumika mpaka leo. Vile vile alitofautisha hali hiyo na hali nyingine, ambapo hewa hutoka kabisa katika vifuko na kupenya katikati ya nyama za pafu.

Kisha akaeleza jinsi ya kuujua ugonjwa kwa mtu aliye hai. Kifua cha mgonjwa hutuna mbele na nyuma, hata huonekana cha mviringo kama pipa. Ukikigonga, hulia kwa kuvuma kupita kiasi. Basi ungetazamia kuwa pumzi itasikika kwa nguvu, maana hewa ni tele. Ukiweka chombo, pumzi husikika kwa mbali sana, au haisikiki kabisa. Mlio wa kugonga wasema hewa imo. Mlio wa pumzi wasema hewa haitembei. Laennec aliziunganisha habari hizo mbili, akajua kuwa hewa imenaswa. Hicho ndicho kitendawili tulichokitaja mwanzoni.

Alieleza pia ndugu ya ugonjwa huo, ambao askari yampasa kuufahamu zaidi. Mwaka 1803 Itard, mwanafunzi wa tiba aliyepata kuwa tabibu wa jeshi, alikuwa ametoa jina la nimothoraksi kwa hali ya hewa kukaa kifuani nje ya pafu, kati ya pafu na mbavu. Hewa hiyo huingia kwa tundu la risasi au la singe, lakini pia yaweza kutoka ndani, pafu lenyewe linapotoboka. Itard aliiona katika maiti. Laennec alifundisha kuitambua kwa mgonjwa aliye kitandani. Upande mmoja wa kifua hulia kama ngoma na pumzi haipo hata kidogo, ilhali upande wa pili husikika vizuri. Katika siku zake chanzo kilichojulikana zaidi kilikuwa kidonda cha kifua kikuu kilichotoboa utando.

Si kila mtu aliyafurahia mafundisho hayo. Mpinzani wake mkali kuliko wote alikuwa Broussais, aliyepata kuwa daktari katika majeshi ya Napoleon na baadaye mwalimu katika hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce. Broussais aliamini kuwa takriban magonjwa yote hutokana na kuvimba kwa tumbo na utumbo, na kwamba dawa yake ni kumfunga mgonjwa chakula na kumbandikia ruba wanyonye damu. Alikuwa msemaji hodari, na wanafunzi walimfuata kwa wingi. Laennec alikuwa na sauti ndogo na ulimi usio mwepesi. Walishambuliana kwa maandishi kwa ukali ambao, twakiri, haukumpendezesha yeyote kati yao. Lakini leo hakuna mwanafunzi anayefundishwa tiba ya Broussais, na kila mwanafunzi hununua stetoskopu.

Je, Laennec alijua malengelenge hayo yanatoka wapi? Alijua nusu. Alidhani kuwa makohozi mazito huziba njia ndogo za hewa. Mtu huvuta pumzi kwa nguvu na hewa hupita, bali anapoiachia nguvu huwa haba, hewa hubaki, na vifuko hutanuka siku baada ya siku. Ni kweli kwamba njia zilizoziba huinasa hewa. Hata hivyo kutanuka peke yake hakutoshi kuzila kuta. Maelezo ya jambo hilo yalingoja zaidi ya miaka mia na arobaini. Mwaka 1963 huko Malmö, nchini Sweden, Laurell na Eriksson waligundua kuwa baadhi ya watu wamezaliwa na upungufu wa protini moja ya damu ambayo kazi yake ni kuyalinda mapafu, na kwamba wengi wa watu hao hupata emfisema wakiwa bado vijana. Ndipo ilipofahamika kuwa chembe nyeupe za damu, zinapopigana na uchafu, hutoa kemikali yenye kuyeyusha nyama, na ile protini huizuia isizidi mipaka. Ulinzi ukipungua, kuta huyeyushwa.

Waliozaliwa na upungufu huo ni wachache. Waliojitafutia hali hiyo wenyewe ni wengi, na walichokitumia ni tumbaku. Moshi wa sigara huzileta chembe hizo kwa wingi mapafuni, na papo hapo huidhoofisha ile protini ya ulinzi, kama mtu anayewaita wavamizi huku akiwanyang'anya walinzi silaha. Moshi wa kuni katika jikoni lisilo na dirisha, vumbi la migodini na makovu ya kifua kikuu navyo huchangia, na katika nchi zetu havipaswi kudharauliwa. Lakini sigara ndiyo ya kwanza. Majeshi makubwa ya dunia yalishiriki sana kuieneza. Katika Vita Kuu zote mbili askari waligawiwa tumbaku pamoja na chakula, na jeshi la Marekani liliendelea kutia sigara katika mgao wa chakula cha vitani mpaka mwaka 1975. Vijana walioponea risasi walirudi nyumbani na desturi iliyowaua polepole wakiwa wazee.

Kuna namna nyingine ya malengelenge ambayo haingojei uzee. Mwaka 1932 daktari Kjærgaard wa Denmark alionyesha kuwa vijana wenye afya, wasio na kifua kikuu, waweza kupasukwa na pafu ghafla kwa sababu ya malengelenge madogo yaliyo juu kabisa ya pafu, karibu na mfupa wa bega. Kabla ya hapo vijana wengi walitengwa na kuuguzwa kwa ugonjwa wasiokuwa nao. Wanaopatwa aghalabu ni wanaume wenye umri wa miaka ishirini na kitu au thelathini, warefu na wembamba. Na mvutaji wa sigara yumo hatarini mara nyingi zaidi kuliko asiyevuta. Wasomaji wetu wataona mara moja kuwa sifa hizo, ukitoa sigara, ndizo zinazotakiwa na maofisa waandikishaji. Dalili ni maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja wa kifua, yanayozidi mtu anapovuta pumzi, pamoja na kuhema. Yaweza kutokea amekaa tu. Askari aliyezoea kuvumilia huweza kudhani kuwa amekaza msuli, akanyamaza hadi asubuhi. Aenda hospitali, si kesho, ni leo. Kwa maana ikitokea tundu la pafu likawa kama kilango cha upande mmoja, kila pumzi huongeza hewa isiyoweza kutoka. Hewa hiyo husukuma moyo na mishipa mikubwa, na mtu aweza kufa kwa dakika chache asipotobolewa kifua kwa sindano na mwenye ujuzi.

Wale wa anga na wa majini wana sababu ya ziada ya kulijua jambo hili. Hewa iliyofungwa hutanuka kadiri mgandamizo wa nje unavyopungua. Katika kimo cha kadiri ya meta 5,500 mgandamizo ni nusu ya ule wa pwani. Mzamiaji aliye meta 10 chini ya maji amebeba mgandamizo maradufu, na akipanda juu, hewa iliyonaswa katika lengelenge lake hutaka nafasi maradufu. Lengelenge haliwezi kuipa nafasi hiyo, hivyo hupasuka. Ndiyo maana mtu aliyepasukwa na pafu hakubaliwi kupanda ndege mpaka picha ionyeshe kuwa limejaa tena sawasawa na muda ulioagizwa umepita. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hukatazwa kabisa, isipokuwa labda baada ya upasuaji na uchunguzi wa mabingwa.

Kuhusu tiba, Laennec hakuwa na silaha nyingi. Aliona kuwa wagonjwa wa emfisema waweza kuishi nayo miaka mingi, akajaribu kuwapunguzia makohozi na kikohozi, na hapo uwezo wake ukafika mwisho. Picha za eksirei zilikuja baada ya ugunduzi wa Röntgen wa mwaka 1895. Hata eksirei huweza kudanganya: lengelenge kubwa hufanana na hewa iliyo nje ya pafu, na daktari akiharakisha kutia mrija huenda akalitoboa lengelenge lenyewe na kuleta balaa ambayo haikuwapo. Siku hizi picha za vipande zinazochorwa kwa kompyuta hutenganisha hali hizo mbili vizuri.

Kuta za vifuko zilizokwisha kuliwa hazirudi. Kinachowezekana ni kuzuia zilizobaki zisiliwe, na katika hilo kuacha sigara hufaa kuliko dawa yoyote. Ziko dawa za kuvuta kwa pumzi zenye kupanua njia za hewa. Iko chanjo ya mafua makali na ya nimonia. Yako mazoezi yaliyopimwa. Na kwa ambaye damu yake imepungukiwa sana oksijeni, huvuta oksijeni nyumbani kwa saa nyingi kila siku. Ikiwa lengelenge moja kubwa limechukua theluthi au nusu ya upande wa kifua na pafu lililo jirani bado zima, wapasuaji huweza kulikata, na pafu lililokandamizwa hutanuka likarudia kazi yake. Hiyo ni mojawapo ya nafasi chache ambapo mgonjwa wa ugonjwa huu huamka kutoka katika nusukaputi akiwa na pumzi kuliko aliyolala nayo.

Kwa pafu lililopasuka, hewa ikiwa kidogo na mgonjwa hahemi, madaktari humwangalia tu, na mwili huifyonza hewa wenyewe. Ikiwa nyingi, huivuta kwa sindano au hutia mrija kati ya mbavu, na ncha ya nje ya mrija huzamishwa katika chupa ya maji. Ni hila rahisi na ya ajabu: hewa hutoka kifuani kwa mapovu, lakini haiwezi kurudi kwa kuwa maji yameziba njia. Bülau wa Hamburg alianza kuitumia katika karne ya 19, na hata zahanati isiyo na mitambo mikubwa yaweza kuitumia. Takriban theluthi ya waliopasukwa mara ya kwanza hupasukwa tena. Ikitokea hivyo, mpasuaji huingiza kamera ndogo kwa matundu membamba, hukata malengelenge ya juu ya pafu, kisha hukwaruza utando ili pafu ligandamane na ukuta wa kifua lisiweze kuporomoka tena.

Turudi kwa Laennec. Kazi ya kuandika kitabu ilimmaliza. Miezi michache baada ya kukitoa, mwaka 1819, alikimbilia Bretagne katika shamba la jamaa zake la Kerlouarnec, karibu na bahari, akapanda miti na kuwinda, akapata nafuu. Mwaka 1821 akarudi Paris. Heshima zikamjia kwa haraka: mwaka 1822 akawa profesa katika Collège de France, mwaka 1823 akapewa kufundisha katika hospitali ya Charité, ambako madaktari wa nchi nyingi walikuja kujifunza kutumia chombo chake, na mwaka 1824 akapewa nishani ya Légion d'honneur. Mwezi Desemba mwaka huo alimwoa Jacqueline Argou, mwanamke mjane aliyekuwa akimtunzia nyumba.

Lakini kikohozi kilikuwa kimerudi, pamoja na homa za jioni na kukonda. Alijikaza akiandika upya kitabu chake kwa toleo la pili, lililotoka mwaka 1826, ambamo sura za emfisema na za magonjwa mengine ya kifua zilipangwa upya na kuongezwa. Mara tu kazi ilipokwisha aliondoka Paris kwa gari la farasi, safari ya siku nyingi, kurudi Kerlouarnec. Kabla ya hapo alikuwa amemwomba Mériadec, ndugu yake wa ukoo ambaye naye alikuwa daktari, amsikilize kifua kwa stetoskopu na kumweleza alichosikia. Mériadec alieleza. Milio ile Laennec aliifahamu. Ni yeye mwenyewe aliyeipa maana, naye alikuwa ameifuata mpaka kwenye meza ya kupasulia mara nyingi mno. Ilikuwa milio ya kifua kikuu kilichochimba pafu.

Alifariki dunia tarehe 13 Agosti 1826, akazikwa Ploaré, si mbali na shamba lake. Katika wasia wake alimwachia Mériadec saa yake, pete yake, vitabu vyake vya tiba na maandishi yake. Juu ya hivyo alimwachia bomba lake la mti la kusikilizia, ambalo alilihesabu kuwa lenye thamani kuliko vyote alivyorithisha.